Nyaya mbili, kasi ya waya mmoja: kutatua matatizo ya kuunganisha poti kwenye mtandao wa nyumbani

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye ameshanunua vifaa, ameshachomeka nyaya mbili kati ya seva yake ya mafaili na swichi, ameshaweka mipangilio kwa kufuata maelekezo, na bado haoni tofauti yoyote, au anaona mambo yameharibika kuliko yalivyokuwa wakati waya ulikuwa mmoja. Mfano nitakaoutumia ni wa nyumba ya kawaida: seva ndogo inayoendesha Debian (aina ya Linux), yenye poti mbili za gigabiti 1, swichi ya poti nane inayokubali kupangiwa mipangilio, kompyuta mbili za mezani zinazotumika kuhariri video, kamera za ulinzi zinazoandika kwenye seva hiyo hiyo usiku na mchana, na ruta iliyoletwa na kampuni ya intaneti. Mwenye kifaa cha kuhifadhi mafaili cha Synology au QNAP naye yumo, kwa kuwa vifaa hivyo huendesha Linux ndani yake, ingawa kurasa zake za mipangilio huficha sehemu kubwa ya habari tunayoihitaji hapa.

Utaratibu wenyewe wa kuunganisha poti, yaani kuzifanya nyaya mbili au zaidi zitumike kama kundi moja, uliwekewa kiwango cha IEEE 802.3ad mwaka 2000, na mwaka 2008 ukahamishiwa kwenye kiwango cha 802.1AX, lakini programu nyingi bado zinauita kwa jina la zamani. Ndani yake mna itifaki ya LACP, ambayo kwayo pande mbili za nyaya hutumiana ujumbe mfupi kila baada ya muda ili kila upande ujue ni poti zipi zinaelekea kwa mwenzake yule yule na zinafaa kuwekwa kundi moja. Kiwango hicho kinadai kwamba fremu (vipande vya data vinavyopita kwenye waya) za mazungumzo mamoja zifike kwa mpangilio zilivyotumwa, na njia rahisi ya kutimiza dai hilo ni kuuweka kila mkondo wa data kwenye waya mmoja, tangu unapoanza hadi unapokwisha. Malalamiko mengi ninayoyasikia huanzia hapo, na ndiyo maana uchunguzi wowote lazima utenganishe maswali matatu ambayo watu huyachanganya: je, kundi limeundika kweli? Je, mikondo inagawanyika kati ya nyaya? Na je, kinachobana mwendo ni mtandao au ni kitu kingine kabisa?

Kwanza, soma hali ya kundi

Taa za poti zinazowaka haziwezi kukuambia kama kundi limeundika, kwa sababu huwaka hata pale ambapo pande mbili hazijakubaliana lolote. Kwenye seva, andika amri hii (`bond0` ni jina la kundi upande wa seva), na usiache neno `sudo`, kwani bila haki za msimamizi mfumo huficha mistari inayohusu upande wa pili:

`sudo cat /proc/net/bonding/bond0`

Katika maelezo yatakayotokea, tafuta mistari inayofanana na hii:

```
Bonding Mode: IEEE 802.3ad Dynamic link aggregation
Transmit Hash Policy: layer2 (0)
LACP rate: slow
Active Aggregator Info:
        Aggregator ID: 1
        Number of ports: 1
        Partner Mac Address: 00:00:00:00:00:00
```

Mfano huu ni wa kundi lililoshindikana. Idadi ya poti ni 1 ilhali nyaya ni mbili, na anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) ya mwenza ni sifuri tupu, maana yake seva imetuma ujumbe wa LACP na hakuna aliyeujibu. Kundi lililo sawa huonyesha poti 2, anwani halisi ya swichi, na chini zaidi, kwenye maelezo ya kila kadi, namba ile ile ya `Aggregator ID`. Kadi mbili zikiwa na namba tofauti, basi kila moja iko kwenye kundi lake, na moja tu ndiyo inayofanya kazi huku nyingine ikingoja.

Dalili: anwani ya mwenza ni sifuri tupu

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni aina ya kundi lililowekwa kwenye swichi. Swichi nyingi za bei nafuu zenye ukurasa wa mipangilio hukubali kundi tuli tu, yaani unaziambia poti ya 1 na ya 2 ni kitu kimoja, nazo hutii bila kuuliza upande wa pili unasema nini. LACP haimo kabisa. Nyingine zinazo aina zote mbili, lakini hutoka kiwandani zikiwa zimechagua ile tuli. Soma karatasi ya sifa za swichi yako kabla ya kuilaumu seva, na uwe mwangalifu na majina: Cisco huita kundi la namna hii EtherChannel, Synology huliita Bond, QNAP huliita Port Trunking, na kwenye swichi nyingine neno «trunk» ni poti inayobeba VLAN nyingi (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja), jambo ambalo halihusiani na haya tunayoyazungumza.

Chanzo cha pili ni pande zote mbili kuwa katika hali ya kungoja. LACP ina hali ya kuanzisha mazungumzo na hali ya kuitikia tu, na pande zote mbili zikichagua kuitikia, hakuna atakayefungua mdomo. Linux kwa kawaida huanzisha yenyewe, kwa hiyo tatizo hili hutokea zaidi pale unapounganisha swichi kwa swichi. Chanzo cha tatu ni cha kawaida mno hata mtu huona aibu kukitaja: waya umechomekwa poti ya 3 ilhali kundi liliundwa kwa poti ya 1 na ya 2. Fuata kila waya kwa mkono, kuanzia nyuma ya seva hadi kwenye swichi, badala ya kuamini karatasi zilizobandikwa.

Swichi isiyokubali mipangilio yoyote haina dawa ya mipangilio. Seva iliyowekwa modi ya 802.3ad itaendelea kufanya kazi kwa waya mmoja, na kwa kuwa kila kitu kinaonekana kizima, mtu anaweza kukaa mwaka mzima akiamini ana gigabiti 2. Kwa swichi kama hiyo, chagua modi ya active-backup, ambayo huweka waya wa pili kama akiba, au balance-alb, ambayo hugawa mikondo kwa kucheza na majibu ya ARP (ujumbe ambao vifaa hutumia kujua anwani ya MAC ya kila anwani ya IP) bila kuihusisha swichi. Mimi hupendelea ile ya kwanza. Balance-alb hufanya kazi, lakini siku kifaa kimoja kitakapoonyesha tabia ya ajabu, kufuatilia ARP zilizobadilishwa makusudi ni kazi inayochosha kuliko faida yake.

Dalili: baadhi ya vifaa vinaiona seva, vingine haviioni kabisa

Dalili hii huwapotosha wengi, kwa sababu inafanana na tatizo la kifaa kimoja kimoja. Kompyuta ya kwanza inafungua mafaili bila shida. Ya pili haipati hata jibu la ping. Simu ya mama inaona picha, ya baba haioni. Mtu huanza kuangalia ngome ya usalama ya kompyuta ya pili, akafuta programu ya kuzuia virusi, akabadilisha nywila, na hali ikabaki vile vile.

Chanzo, mara nyingi, ni seva kuwa katika LACP huku swichi ikiwa katika kundi tuli. Seva, baada ya kutopata jibu la LACP, huamua kwamba nyaya zake mbili haziko pamoja. Huchagua mmoja wa kutumia, na fremu za kawaida zinazoingia kwa waya wa pili huzitupa. Swichi nayo haijui habari hiyo. Kwake poti zote mbili ni kundi moja, kwa hiyo huendelea kugawa mikondo kati yake kwa hesabu inayotokana na anwani. Kifaa ambacho hesabu yake inaangukia waya wa kwanza huhudumiwa daima, na ambacho hesabu yake inaangukia waya wa pili hakihudumiwi hata siku moja. Kama swichi inagawa kwa anwani za MAC, mgawanyo huo haubadiliki ukizima na kuwasha, na ndiyo maana kosa hili linaonekana kama chuki ya seva kwa kifaa fulani.

Kuthibitisha ni rahisi: chomoa ule waya ambao seva haiutumii. Swichi itaona poti imezimika, itapeleka kila kitu kwenye waya uliobaki, na vifaa vilivyokuwa vimepotea vitarudi papo hapo. Ikiwa vimerudi, weka swichi kwenye LACP. Ikiwa swichi haina LACP, ibadilishe seva iwe katika modi ya balance-xor, inayoelewana na kundi tuli.

Kinyume cha kosa hili pia kipo. Seva ikiwekwa balance-xor au balance-rr (inayotuma pakiti kwa zamu kwenye kila waya) huku swichi haina kundi lolote, swichi huona anwani moja ya MAC ikitokea poti ya 1, kisha poti ya 2, kisha poti ya 1 tena, na hubadilisha jedwali lake kila mara. Mwendo hupanda na kushuka bila utaratibu, ping wakati mwingine huonyesha neno `DUP!` kwa sababu jibu limefika mara mbili, na kwenye swichi zenye kumbukumbu za matukio utasoma onyo kwamba anwani inahamahama kati ya poti.

Dalili: kundi liko sawa, lakini mwendo haujaongezeka

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tuseme `Number of ports` ni 2 na mwenza anaonekana, na bado kunakili faili kubwa la video hakuzidi megabaiti 112 hadi 118 kwa sekunde. Namba hiyo si ya bahati. Gigabiti 1 ni megabaiti 125, na ukiondoa vichwa vya Ethernet, IP na TCP hubaki takribani 118. Umefikia ukomo wa waya mmoja, na kwa kuwa kunakili faili moja kutoka kompyuta moja ni mkondo mmoja, huo ndio ukomo wake halali. Hapo hakuna kilichoharibika, na kompyuta yenye kadi moja ya gigabiti 1 haiwezi kuuvuka hata seva ikiwa na nyaya nne.

Jaribio la haki ni kompyuta mbili zikinakili kwa wakati mmoja. Kila moja ikipata karibu megabaiti 110, kundi linafanya kazi yake. Zikigawana 118 kati yao, mikondo yote miwili imeangukia waya mmoja, na inabidi kuelewa hesabu inayogawa.

Linux, isipoelezwa vinginevyo, hutumia utaratibu wa `layer2`. Huchukua baiti ya mwisho ya anwani ya MAC ya mtumaji, ya mpokeaji, na namba ya aina ya pakiti, huzichanganya kwa XOR (hesabu ya biti kwa biti), kisha hugawa kwa idadi ya nyaya na kuangalia baki. Kwa nyaya mbili, baki hiyo huamuliwa na biti moja tu ya mwisho. Chukua kompyuta ambazo anwani zake zinaishia `3a` na `7c`: zote ni shufwa, kwa hiyo, seva ikiwa ni ile ile na aina ya pakiti ikiwa ile ile, zitatumia waya mmoja leo, kesho na mwakani. Kompyuta ya `3a` na ya `7d` zingetengana. Kwa nyumba yenye kompyuta mbili, basi, kufaulu au kushindwa kwa mradi mzima kunaweza kutegemea tarakimu ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi kiwandani. Hali huwa mbaya zaidi kwa data inayotoka nje ya nyumba, kwa kuwa yote huja na anwani ya MAC ya ruta, na hivyo yote huenda njia moja.

Dawa ni kubadilisha utaratibu wa mgawanyo. Kwenye Debian yenye kifurushi cha `ifenslave`, faili la `/etc/network/interfaces` litakuwa na sehemu kama hii:

```
auto bond0
iface bond0 inet dhcp
    bond-slaves enp2s0 enp3s0
    bond-mode 802.3ad
    bond-miimon 100
    bond-lacp-rate slow
    bond-xmit-hash-policy layer3+4
```

Utaratibu wa `layer3+4` huingiza anwani za IP na namba za poti za TCP au UDP kwenye hesabu, kwa hiyo hata mikondo miwili ya kompyuta moja inaweza kutengana. Wenye msimamo mkali watakukumbusha kwamba haufuati kiwango kikamilifu, kwa sababu pakiti iliyokatwa vipande haina namba ya poti katika vipande vyake vyote na mpangilio unaweza kuvurugika. Kwa kunakili mafaili nyumbani sijaona sababu ya kuuogopa. Anayehofia atumie `layer2+3`.

Baada ya kubadilisha hayo, wengi hurudi na lalamiko jipya: kusoma kutoka kwenye seva kumegawanyika vizuri, lakini kuandika kwenda kwenye seva bado kumebanwa. Sababu ni kwamba kila upande hugawa kile unachokituma tu. Mipangilio ya seva inaamua njia ya data inayotoka kwenye seva. Data inayokwenda kwenye seva inagawanywa na swichi, kwa hesabu ya swichi, na hakuna sharti kwamba hesabu mbili zifanane. Tafuta kwenye ukurasa wa swichi mahali pa kuchagua kati ya anwani za MAC na anwani za IP, uchague IP za pande zote mbili, au poti za TCP kama zimo. Swichi nyingi ndogo hazina uchaguzi huo. Hapo kuna ujanja mmoja unaoruhusiwa: kwenye moja ya kompyuta, weka kwa mkono anwani ya MAC yenye baiti ya mwisho tofauti, ukitumia anwani za aina ya ndani, yaani ambazo tarakimu ya pili ya baiti ya kwanza ni 2, 6, a au e. Si suluhisho la kifahari, lakini hufanya kazi pale ambapo swichi hutumia hesabu nyepesi kama ile ya Linux.

Ili usikisie, pima kwa `iperf3`, ambayo haigusi diski. Wengi hukosea hapa kwa jambo dogo: seva moja ya `iperf3` huhudumia jaribio moja tu kwa wakati, na kompyuta ya pili itaambiwa seva ina shughuli. Washa mbili kwenye seva, kila moja kwa poti yake:

```
iperf3 -s -p 5201
iperf3 -s -p 5202
```

Kisha kutoka kompyuta ya kwanza na ya pili uendeshe majaribio kwa pamoja, kwanza kama kawaida, ambapo data huelekea kwenye seva na swichi ndiyo inayogawa, halafu kwa kuongeza `-R`, ambapo data hutoka kwenye seva. Majaribio yakiendelea, tazama `ip -s link show enp2s0` na `ip -s link show enp3s0` kwenye seva: safu ya RX (data inayopokelewa) ikipanda kwenye kadi moja pekee, tatizo liko kwenye swichi, safu ya TX (data inayotumwa) ikipanda kwenye kadi moja pekee, tatizo liko kwenye seva.

Na ikiwa `iperf3` inaonyesha gigabiti 1.8 au zaidi kwa jumla huku mafaili yakiendelea kukokotwa, achana na mtandao. Diski moja ya sahani zinazozunguka husoma takribani megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde inaposoma faili moja mfululizo, na kompyuta mbili zikiomba mafaili mawili tofauti, kichwa cha diski huruka huku na huko na kasi huporomoka. Kamera zinazoandika wakati huo huo huongeza mzigo. Nyaya za ziada hazitasaidia chochote mpaka kuwe na diski kadhaa zilizoungwa pamoja au SSD.

Dalili: waya mmoja huingia na kutoka kundini

Soma `Link Failure Count` ya kila kadi kwenye faili lile lile la hali. Kadi moja ikiwa na sifuri na nyingine ikiwa na hesabu inayopanda, mshukiwa ni waya wake, si mipangilio. Kisha andika `sudo ethtool enp3s0` uangalie mstari wa `Speed`. Ukisoma 100Mb/s, umepata jibu: gigabiti 1 huhitaji jozi zote nne za waya, ilhali megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu, kwa hiyo jozi moja ikikatika kadi hushuka ngazi badala ya kuzimika. LACP haichanganyi poti zenye kasi tofauti katika kundi moja, na kadi hiyo hutengwa.

Nyaya zinazouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, hata kama ganda limeandikwa Cat6. Kata kipande, menya uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi katikati, na ya kupakwa huonyesha weupe chini ya ngozi. Uzi wa aluminiamu hukatika kwa urahisi pale unapobanwa kwenye kichwa cha RJ45, hasa waya ukikunjwa nyuma ya kabati. Unaweza kubana kichwa kipya na ukapona kwa muda, lakini kwa kipande cha mita moja au mbili kati ya seva na swichi ni afadhali kununua waya wa shaba uliotengenezwa kiwandani.

Dalili: seva imepotea mara tu bondi (kundi la upande wa seva) ilipoundwa

Anwani ya IP lazima ikae kwenye `bond0`, na kadi mbili zilizo chini yake zisibaki na anwani zake za zamani. Ikiwa `ip addr` inaonyesha anwani kwenye `enp2s0`, iondoe katika mipangilio. Ikiwa anwani iko mahali pake lakini si ile uliyoizoea, angalia orodha ya DHCP (anwani za IP ambazo ruta imegawa) kwenye ruta: bondi kwa kawaida huchukua anwani ya MAC ya kadi ya kwanza, ila kwenye mifumo yenye systemd ya miaka ya karibuni huweza kupewa anwani iliyobuniwa ambayo si ya kadi yoyote, na ruta, ikiona mgeni, humpa IP nyingine. Andika anwani ya MAC unayoitaka kwenye mipangilio ya bondi, au usajili ile mpya kwenye ruta.

Fanya kazi hii ukiwa na skrini na kibodi mbele ya seva, waya wa pili ukiwa umechomolewa hadi pande zote mbili ziwe zimepangwa. Tahadhari hii ni ya lazima zaidi unapounganisha swichi mbili, tuseme moja ya sebuleni na nyingine ya ghorofani. Nyaya mbili kati ya swichi zisizo na kundi ni kitanzi: fremu za tangazo huzunguka bila kikomo, taa zote humetameta kwa pamoja, na nyumba nzima hukosa mtandao ndani ya sekunde chache. Swichi zenye STP (itifaki ya kuzuia vitanzi) hukiona kitanzi na kuziba waya mmoja, jambo ambalo huokoa nyumba lakini huacha swali la kwa nini waya wa pili haubebi chochote.

Dalili: kila kitu kilikuwa sawa hadi umeme ulipokatika

Kwenye swichi nyingi, kitufe cha kukubali mabadiliko hakihifadhi mabadiliko. Mipangilio hukaa kwenye kumbukumbu ya muda hadi ubonyeze kitufe kingine, mara nyingi kilichofichwa juu ya ukurasa au kwenye menyu ya mfumo, kinachoiandika kwenye kumbukumbu ya kudumu. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kosa hili hujitokeza mapema. Mahali penye umeme wa uhakika linaweza kungoja miezi, na mtu amekwisha kusahau alichokibadilisha. Hifadhi, kisha zima swichi kwa makusudi na kuiwasha ili uthibitishe.

Jambo jingine ni subira. Kwa `lacp-rate slow`, ujumbe hutumwa kila sekunde 30, na upande usiosikia kitu husubiri sekunde 90 kabla ya kumtoa mwenzake kundini. Kama kati ya seva na swichi kuna kifaa cha kubadilisha nyuzi za fiba kuwa waya wa shaba, kadi ya seva inaweza kuendelea kuona taa hata pale upande wa mbali umekufa, na kwa sekunde hizo 90 nusu ya mikondo itakuwa inamwagwa. Chagua `fast`, ambapo ujumbe huja kila sekunde 1 na subira ni sekunde 3. Kwa nyaya za moja kwa moja, `bond-miimon 100` inatosha, na ni bora kuiandika waziwazi kuliko kutegemea chaguo-msingi, ambalo limekuwa likitofautiana kati ya matoleo.

Dalili: ping inapita, lakini mafaili makubwa yanakwama

Hii huwapata waliopandisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja) hadi 9000. Kila kifaa njiani, pamoja na swichi yenyewe, kinapaswa kukubali ukubwa huo. Jaribu `ping -M do -s 8972` kuelekea kwenye seva. Isipopita, rudisha 1500. Faida ya fremu kubwa kwenye gigabiti 1 ni ndogo mno kustahili usumbufu huu.

Intaneti haijaongezeka, na Windows haina kundi

Kuunganisha poti ndani ya nyumba hakugusi kifurushi cha intaneti. Kifurushi cha megabiti 50 kitabaki megabiti 50, na mwenye mikataba na kampuni mbili za intaneti anahitaji ruta ya kugawa mzigo, ambayo ni kazi tofauti na hii.

Kompyuta ya Windows 10 au 11 yenye kadi mbili haina njia rasmi ya kujenga kundi la LACP, kwa sababu uwezo huo Microsoft iliuweka kwenye matoleo ya seva. Njia inayofaa hapo ni SMB Multichannel, sehemu ya SMB (itifaki ya Windows ya kushirikishana mafaili), iliyokuja na Windows 8 na Windows Server 2012, na ambayo Samba, programu ya SMB ya Linux, huiwasha yenyewe kuanzia toleo la 4.15. Vunja bondi kwenye seva, ipe kila kadi anwani yake ya IP, ufanye vivyo hivyo kwenye kompyuta, na SMB yenyewe itapasua kunakili kwa faili moja katika nyaya mbili, jambo ambalo LACP haiwezi. Amri ya `Get-SmbMultichannelConnection` kwenye PowerShell itaonyesha miunganisho iliyofunguka.

Mtu mwenye kompyuta moja na seva moja, anayetaka tu faili lake lifike haraka, huwa namshauri asijenge kundi. Kiwango cha 802.3bz cha mwaka 2016 hutoa gigabiti 2.5 kwenye waya wa Cat5e hadi mita 100, na mkondo mmoja huitumia yote. Anayenunua kadi moja kama hiyo asiiunge kwenye bondi pamoja na poti ya zamani ya gigabiti 1: kasi zikitofautiana, LACP itaziweka katika makundi mawili na kuitumia moja tu.